Picha ya Malkia Victoria nyumbani kwa babu: ni mkono wa Winterhalter au ni chapa?

Swali:

"Mtaalamu, salamu. Nyumba ya marehemu babu yetu, Mji wa Kale Mombasa, ina picha ya Malkia Victoria ambayo wazee wanasema ilikuwapo tangu enzi za baba yake babu. Malkia ameketi, amevaa joho la kifalme, na taji liko pembeni yake. Fremu ni ya rangi ya dhahabu, mbele kuna kioo, nyuma kuna ubao. Picha yenyewe ni nyeusi na nyeupe, na imeanza kutoka madoa ya kahawia. Chini kushoto pameandikwa kwa herufi ndogo 'F. Winterhalter pinxt', kulia kuna jina jingine linalofuatwa na 'sculpt', na katikati naona neno London. Kuizunguka picha, karatasi ina kama mfereji uliobonyea. Dalali mmoja amekuja. Anasema ni picha halisi ya mchoraji mkubwa wa Kijerumani, ina thamani ya mamilioni, nimpe ada ya cheti kisha yeye aipeleke Ulaya ikauzwe. Binamu yangu anasema hiyo ni karatasi ya kuchapwa tu, na madoa yatatoka kwa ndimu. Nimwamini nani? Na huyu Winterhalter alikuwa nani hasa, Mjerumani akamchora malkia wa Waingereza?"

Jibu:

Dada yangu, ahsante kwa kueleza kila ulichokiona. Huo mfereji uliobonyea na hayo majina mawili yamenisaidia kuliko picha nyingi za simu ambazo watu hunitumia bila neno. Nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate.

Kwa maelezo yako, hiyo ni chapa. Ni karatasi iliyopigwa kwa bamba la chuma au shaba, lililochongwa na fundi ambaye jina lake liko upande wa kulia, naye alikuwa akiifuata picha ya rangi za mafuta iliyochorwa na Franz Xaver Winterhalter. Winterhalter hakuigusa karatasi hiyo. Dalali anakosea anapoiita picha halisi ya mchoraji, na ada ya cheti usimpe hata shilingi moja. Binamu yako amepatia aliposema imechapwa, lakini hilo neno "tu" si la haki, na kwenye ndimu amekosea kabisa. Tafadhali mzuie leo, kabla hajaanza.

Sasa tumjue Winterhalter mwenyewe, maana ukielewa alivyoishi utaelewa kwa nini jina lake limefika ukutani kwenu ilhali brashi yake haikufika.

Alizaliwa tarehe 20 Aprili 1805 katika kijiji cha Menzenschwand, kwenye misitu ya milimani ya Schwarzwald, kusini-magharibi mwa Ujerumani ya leo. Nasema ya leo kwa sababu wakati ule hapakuwa na dola moja iliyoitwa Ujerumani. Palikuwa na falme na milki nyingi, kubwa kwa ndogo, kila moja na mtawala wake na kasri lake. Kijiji chao kiliingia katika milki ya Baden yeye akiwa bado mchanga. Baba yake, Fidel, alikuwa mkulima aliyekuwa pia akigema utomvu wa misonobari. Walizaliwa watoto tisa, wakakua wanne. Mdogo wake, Hermann, aliyezaliwa 1808, naye akawa mchoraji, na tutakutana naye tena kwa sababu anahusika moja kwa moja na suala la picha ipi ni ya mkono wa nani.

Franz Xaver alianza kusoma kwa watawa wa St. Blasien. Mwaka 1818, akiwa na umri wa miaka 13, akapelekwa mjini Freiburg kujifunza kuchora na kuchonga mabamba ya chapa katika nyumba ya uchapishaji ya Herder. Hapa nakuomba utue kidogo. Mtu ambaye baadaye wafalme wangegombea muda wake alianza maisha ya kazi kwenye ufundi uleule uliozalisha karatasi ya babu yako. Aliijua chapa kabla hajaijua rangi ya mafuta. Hata alipohamia Munich mwaka 1823, na mwaka 1825 akapata ufadhili wa mtawala wa Baden ili asome kwenye chuo cha sanaa, riziki yake ya kila siku aliitafuta kwa kutengeneza litografia, yaani chapa zinazopigwa kwa jiwe.

Chuoni hakustarehe. Mwalimu mkuu wa pale, Peter von Cornelius, alitaka picha kubwa za dini na historia, zenye mistari mikali na mafundisho mazito. Kijana huyu akavutiwa zaidi na Joseph Stieler, mchoraji wa sura za watu katika kasri la Bavaria, yuleyule aliyemchora Beethoven mwaka 1820. Kwa Stieler alijifunza namna ya kumfanya mtu aonekane laini na mwenye nuru bila kumpotezea sura yake. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote.

Mwaka 1828 alikwenda Karlsruhe, mji wa watawala wa Baden, kumfundisha kuchora Sophie, ambaye mumewe Leopold alikuja kushika utawala mwaka 1830. Ukiangalia kwa makini, mlango wa kwanza wa kasri ulifunguliwa na somo la kuchora alilompa mama wa nyumba. Leopold akamsaidia kwenda Italia kuanzia 1832 hadi 1834, na aliporudi akampa cheo cha mchoraji wa kasri. Mtu mwingine angetulia hapo, ale mshahara wake hadi uzeeni. Yeye hakukaa. Akaenda Paris.

Paris hakuanza na wafalme. Mwaka 1836 alionyesha katika maonyesho makubwa ya Salon picha ya Waitalia wakipumzika, na mwaka 1837 picha ya mabwana na mabibi waliokaa bustanini wakisimuliana hadithi. Hiyo ya pili ilimpa jina, na baada ya muda mfupi akawa anamchora Mfalme Louis-Philippe na jamaa yake. Mfalme huyo alikuwa na watoto wengi, na binti yake Louise alikuwa ameolewa na Mfalme Leopold wa Kwanza wa Ubelgiji.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la mwisho. Huyo Leopold wa Ubelgiji alikuwa mjomba wa Malkia Victoria na papo hapo baba mdogo wa Albert, mume wa Victoria. Winterhalter alimchora Malkia Louise wa Ubelgiji, Louise akamsifu kwa Victoria, na mwaka 1842 Winterhalter akafika Uingereza kwa mara ya kwanza. Hakukuwa na ajabu yoyote kwa Mjerumani kumchora malkia wa Waingereza. Mama yake Victoria alikuwa Mjerumani, mumewe alikuwa Mjerumani wa Coburg, na Kijerumani kilisemwa ndani ya nyumba. Nasaba za kifalme za Ulaya zilikuwa zimeoana kiasi kwamba mchoraji aliyepokewa na jamaa mmoja alipelekwa kwa mwingine kwa barua ya shangazi au binamu. Mchoraji mwenye tabia njema, anayefika kwa wakati na asiyesema siri za nyumba, alikuwa na kazi ya maisha.

Watu wengi wakisikia "mchoraji wa kasri" hudhani ni mtumishi aliyefungiwa ndani akila chakula cha mfalme. Winterhalter hakuwa hivyo. Aliishi Paris, na kwa miaka zaidi ya ishirini, kuanzia 1842 hadi 1864, alivuka kwenda Uingereza mara kwa mara, akakaa wiki kadhaa, akachora, akaondoka. Kazi alizomfanyia Victoria na Albert zinapita mia moja, ukijumlisha ndogo na kubwa. Zilizo nyingi bado ziko katika mkusanyiko wa kifalme wa Uingereza. Kumbuka hilo dalali atakaporudi kukuambia kwamba picha rasmi ya malkia ilitoroka ikafika Mombasa.

Miongoni mwa hizo kuna moja ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1843, kwa siku ya kuzaliwa ya Albert ya kutimiza miaka 24, Victoria aliagiza picha ya kumpa mumewe: amejilaza kwenye mto, nywele zimefunguka upande mmoja, mabega wazi, anatazama pembeni kama mke yeyote anayemngoja mumewe. Alikuwa na miaka 24 yeye pia. Mwenyewe aliiita picha ya siri, na haikuwa ya kuonyeshwa watu. Wanaosema Winterhalter alijua kuchora hariri na vito tu waiangalie hiyo. Malkia hana taji, hana joho, na mchoraji hakubabaika.

Wakosoaji wa wakati wake hawakumheshimu sana, na sitakuficha hilo. Mwaka 1855 alionyesha Paris picha kubwa, karibu mita tatu kwa mita nne, ya Eugénie, mke wa Kaisari Napoleon wa Tatu, akiwa amekaa chini ya miti pamoja na mabibi wanane wa kasri lake, magauni yao yametandazwa majanini. Watu wa kawaida waliipenda mno. Wajuzi wakasema ni mapambo matupu. Leo iko katika kasri la Compiègne, Ufaransa. Kwa maoni yangu wajuzi walikuwa na nusu ya ukweli. Winterhalter hakuwa mchunguzi wa majonzi ya nafsi; ukitaka uso unaokuambia mtu huyu alikosea nini maishani, kwake hutaupata. Lakini alikuwa na jicho la ajabu la kitambaa, ngozi na mkao, na aliweza kuwapanga watu tisa wakaonekana wamekaa wenyewe. Mara nyingi hakutanguliza michoro mingi ya penseli. Alichora moja kwa moja juu ya turubai, kwa kasi, akiwa ameshachagua mkao na mara nyingi hata nguo. Wateja wake walitaka hivyo. Mfalme hakai kitako miezi mitatu.

Na wafalme wenyewe walikuja wakaondoka. Mwaka 1848 Louis-Philippe alipinduliwa akakimbilia Uingereza, na Winterhalter akampoteza mlipaji wake mkuu. Miaka michache baadaye alikuwa akimchora Napoleon wa Tatu, aliyekalia nafasi hiyohiyo. Alichora Wahispania, Warusi, Wabelgiji, Wapoland. Mwaka 1864 alikwenda Vienna, na kutoka huko ikapatikana picha ya mwaka 1865 ya Elisabeth, mke wa Kaisari wa Austria, mgongo nusu umegeuzwa na nyota za almasi zimechomekwa kwenye nywele. Huenda umeiona hata bila kujua ni ya nani, kwa kuwa inachapwa mpaka leo. Vita vya Ufaransa na Prussia vilipoanza 1870, alikuwa Uswisi kwa matibabu. Hakurudi tena Paris kuishi. Akatulia Karlsruhe, alikoanzia kazi ya kasri, na tarehe 8 Julai 1873 akafariki Frankfurt kwa homa ya taifasi. Hakuoa.

Nimekaa sana kwenye maisha yake kwa sababu yanaeleza jambo ambalo dalali hataki ulielewe. Picha ya mtawala haikuchorwa ibaki moja. Ilichorwa ili izaliane. Mfalme alihitaji sura yake iwe kwa dada yake aliyeolewa nchi nyingine, kwenye ubalozi, kwenye ukumbi wa mji, na mwishowe kwenye nyumba ya mtu yeyote aliyeweza kuinunua. Kwa hiyo baada ya picha ya kwanza kukauka, kazi ndiyo kwanza inaanza. Ngazi ya kwanza ni nakala za mafuta. Baadhi alizifanya Winterhalter mwenyewe. Picha yake iitwayo Florinda, ambayo Victoria aliinunua akampa Albert zawadi, aliirudia tena, na hiyo ya pili iko katika makumbusho ya Metropolitan, New York. Nyingine zilifanywa na wasaidizi, wa kwanza wao akiwa ndugu yake Hermann, na nyingine na wanakili walioajiriwa na kasri. Ndiyo maana hata mtu akikuletea turubai ya mafuta yenye jina la Winterhalter, jina hilo peke yake halitoshi. Linaweza kuwa Franz, linaweza kuwa Hermann, linaweza kuwa mwanakili ambaye hakuna aliyemwandika.

Ngazi ya pili ni chapa, na hapo ndipo ulipo wewe. Malkia aliyeketi na joho lake na taji pembeni ni mpangilio wa picha rasmi ya mwaka 1859, iliyonakiliwa sana. Ikiwa ndiyo hiyo, chapa yako haiwezi kuwa ya kabla ya 1859, ingawa inaweza kuwa ya baadaye zaidi.

Hayo maandishi ya chini ni utaratibu wa kazi. Upande wa kushoto huandikwa aliyeichora picha ya asili, na "pinxt" ni kifupi cha Kilatini cha kusema yeye ndiye aliyepaka rangi. Kulia huandikwa aliyechonga bamba, na "sculpt" ndiyo alama yake. Katikati huwa pana jina la mchapishaji, mji, na mara nyingi tarehe ya kutolewa. Hakuna aliyekusudia kumdanganya mtu. Karatasi yako inasema waziwazi kwamba kazi hii ni ya watu wawili, na dalali amesoma upande mmoja tu.

Bamba hufanya kazi kinyume cha muhuri wa ofisini. Muhuri huchapa kwa sehemu zilizoinuka, bamba huchapa kwa sehemu zilizochimbwa. Fundi huchimba mistari na vidoti kwenye chuma, hujaza wino humo, kisha huufuta uso wa bamba mpaka ung'ae, wino ubaki ndani ya machimbo pekee. Karatasi iliyoloweshwa kidogo hulazwa juu, na vyote viwili hupitishwa chini ya roli nzito. Karatasi nyevu husukumwa hadi ndani ya machimbo ikauchukua wino, na pembeni mwa bamba hubonyea. Huo ndio mfereji wako. Kwa picha kubwa yenye joho, manyoya na vito, fundi alikaa na bamba moja miezi mingi, akigeuza rangi zote za mafuta kuwa nyeusi, nyeupe na kijivu kwa mkono wake. Ndiyo maana nimesema neno "tu" la binamu yako si la haki.

Kuna jambo moja la kuhakikisha. Mwishoni mwa karne ya 19 zilikuwapo pia chapa zilizotengenezwa kwa kupiga foto na kuihamishia kwenye bamba, na hizo nazo zinaweza kuwa na mfereji. Chukua lenzi ya kukuzia mara kumi, ile ya mafundi saa au masonara, uangalie shavu la malkia na kunjo za joho kupitia kioo, bila kuifungua fremu. Ukiona mistari inayopinda kufuata umbo, yenye ncha zinazochongoka, huo ni mkono wa fundi. Ukiona vidoti vilivyojipanga sawasawa kwa safu, hiyo ni picha ya mashine ya baadaye, na thamani yake ni ya ukumbusho wa nyumba.

Sasa madoa. Hayo ya kahawia hutokana na unyevu ukikutana na uchafu mdogo wa chuma uliomo ndani ya karatasi, na kuvu anayejificha humo. Mombasa unyevu hauishi mwaka mzima, na kuta za mawe ya matumbawe na chokaa huufyonza na kuutema taratibu mgongoni mwa fremu. Juu ya hayo kuna ubao wa nyuma. Mbao hutoa asidi, na asidi hiyo huila karatasi polepole mpaka iwe ya kahawia na kuvunjika kama mkate mkavu. Ukipaka ndimu unaongeza asidi juu ya asidi. Doa litapauka wiki ya kwanza, binamu atafurahi, kisha mahali palepale karatasi itadhoofika mpaka ichanike. Dawa ya kufulia nguo nyeupe ni mbaya zaidi. Mkate wa kusugulia, ambao bado watu huupendekeza, huacha makombo yanayowaita wadudu. Na maji matupu, hata yakiwa safi, hulifanya doa litambae.

Unachoweza kufanya mwenyewe ni kidogo, lakini ndicho chenye faida. Iondoe kwenye ukuta unaopigwa na mvua au jua, uihamishie ukuta wa ndani, mbali na jikoni. Nyuma ya fremu, kwenye pembe za chini, bandika vipande viwili vya kizibo ili hewa ipite kati yake na ukuta. Usiifunge kwenye nailoni ukidhani unaikinga, maana unyevu utanaswa humo. Ipige picha mbele na nyuma, pamoja na maandishi ya chini, na upime urefu na upana wa picha na wa mfereji. Basi.

Usijaribu kuifungua ukiona karatasi imegandana na kioo, ukungu wenye manyoya, unga mwembamba unaodondoka kutoka kwenye ubao, au pembe zinazomeguka. Hapo unahitaji mtu aione kwa macho yake. Kwako wewe mahali pa kuanzia ni Makumbusho ya Fort Jesus, ambayo iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Uliza wahusika wa uhifadhi wakuelekeze kwa anayejua karatasi. Nenda kwanza na picha za simu na vipimo, uache chapa nyumbani mpaka wakuambie namna ya kuibeba. Ukitaka kulitambua bamba, katalogi za mtandaoni za British Museum, National Portrait Gallery ya London na mkusanyiko wa kifalme wa Uingereza zinakuruhusu kutafuta kwa jina la mchongaji bila malipo. Saa moja ya kutafuta hivyo itakupa zaidi ya cheti cha dalali.

Kuhusu kuuza, nitakuambia ninavyoona. Chapa za Victoria zilitolewa kwa wingi, na bei yake haikaribii kamwe bei ya picha ya mafuta ya Winterhalter. Yenye madoa hushuka zaidi. Kuitengeneza kitaalamu kunaweza kukugharimu kuliko utakachopata sokoni, kwa hiyo usiitengeneze kwa ajili ya kuiuza. Itengeneze ukiamua kuibakiza. Ningekuwa mahali pako ningeibakiza, na sababu yangu ni nyumba yenu zaidi kuliko malkia. Chapa ileile ikiwa London ni moja kati ya nyingi. Ikiwa kwenye nyumba ya Mji wa Kale, na ikijulikana nani aliileta na lini, inakuwa ushahidi wa jinsi sura ya mtawala wa mbali ilivyoingia sebuleni mwa watu wa pwani. Kama nyumba inauzwa au warithi hawaelewani, zungumza na makumbusho kabla ya kuzungumza na soko.

Na kuna sheria. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya Kenya ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa kitu cha kale kile kinachohamishika ambacho kilitengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, na kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Mwaka huo wa 1895 ndio Waingereza walipotangaza himaya yao hapa. Lakini walikuwa na konsuli Unguja tangu 1841, na kampuni yao ilikuwa na makao Mombasa tangu 1888, kwa hiyo picha ya malkia ingeweza kufika kabla au baada ya mstari huo. Swali la lini baba yake babu aliipata ni la kisheria pia. Waulize wazee wenu sasa: aliinunua au alipewa, kutoka kwa nani, akiwa anafanya kazi gani? Yaandike majibu kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni, kila jibu na jina la aliyelitoa. Usiandike chochote nyuma ya picha.

Dalali akirudi, mwulize mambo matatu tu: bamba lilichongwa na nani, kwa nini cheti kinalipiwa kabla ya mtu kuikagua picha, na kibali cha kuitoa nchini atakiomba wapi. Mwombe ayaandike na kuyatia sahihi. Mpaka hapo fremu isitoke mlangoni, hata kwa "kupigwa picha" dukani kwake.

Ukishapata lenzi, soma ule mstari wa katikati penye neno London, herufi kwa herufi hata zile zilizofifia, pamoja na jina la kulia. Niandikie yote mawili. Kwa hayo tutaanza kulitafuta bamba lenyewe na mwaka lilipotolewa.